Milioni 3 za msimu: fiksi, Ukwasi, hatifungani, hisa au mpunga ghalani?

Masoko ya tumbaku yakifungwa Urambo, Kaliua na Sikonge, pesa huingia kwa mkupuo, na ushauri nao huingia kwa mkupuo. Tangu katikati ya 2025 ushauri umezidi, kwa sababu habari za fedha zimekuja zimefuatana: Benki Kuu imeshusha riba yake, shilingi imepata nguvu mbele ya dola, hisa za benki kubwa zimepaa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, na dhahabu imevuka dola 4,000 kwa wakia. Kila habari ina mtu wake anayesema "sasa ndio wakati".

Hapa tunalinganisha njia tano ambazo mtu wa Tabora mwenye shilingi milioni 3 anaweza kuzifikia kweli: fiksi (amana ya muda maalumu benki), Ukwasi (mfuko wa uwekezaji wa pamoja unaoendeshwa na UTT AMIS), hatifungani (kuikopesha Serikali au kampuni kwa riba), hisa, na mpunga ghalani. Msimamo wetu tunauweka mapema: angalia kwanza tarehe utakayozihitaji pesa hizo, asilimia ije baadaye. Mkoa huu una kalenda yake. Oktoba hadi Desemba ni vibarua, pembejeo na kuhamisha miche; Januari ni ada na sare za shule. Uwekezaji unaolipa vizuri lakini pesa yake haitoki Januari utakurudisha kwenye mkopo wa simu, na hapo faida yote imeliwa.

Habari zenyewe zina uzito gani

Benki Kuu ilianza Januari 2024 kuendesha sera yake kwa kutangaza riba elekezi. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili 2024, ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia benki kuuliza kama mkopo wao umeshuka. Haujashuka. Riba elekezi inaongoza bei ambayo benki zinakopeshana zenyewe kwa zenyewe kwa siku chache. Mkopo wa kawaida wa benki umebaki kwenye wastani wa asilimia 15 hivi. Athari inaonekana haraka zaidi upande wa dhamana za Serikali: benki na mifuko ya pensheni zikiwa na fedha nyingi zinagombea hatifungani, bei inapanda, na anayenunua leo anapata faida ndogo kuliko aliyenunua mwaka uliopita.

Mfumuko wa bei umekuwa asilimia 3 na kidogo kwa muda mrefu. Kwa hiyo kitu chochote kinachokulipa zaidi ya asilimia 4 baada ya kodi na makato kinakuacha mbele kidogo. Pesa ya ndani ya kibubu inarudi nyuma polepole, hata kama hesabu yake haibadiliki.

Habari ya riba za Marekani, iliyoshika vichwa vya habari Septemba, Oktoba na Desemba 2025, inafika Tabora kwa mlango mmoja tu, nao ni dola. Hilo tutalirudia tukifika kwenye dola.

Kabla ya yote, deni

Kama una mkopo wa asilimia 15 na unafikiria mfuko unaolipa 12, lipa mkopo. Hakuna uwekezaji halali hapa nchini unaokupa asilimia 15 kwa mwaka za uhakika kwa pesa ya miezi sita, lakini kulipa deni kunakuokolea hizo kuanzia siku unayolipa, tena bila kodi. Mkopo wa simu ndio mbaya zaidi. Ada ya asilimia 9 kwa mwezi inaonekana ndogo kwa sababu kiasi ni kidogo, ila ukiizungusha mwaka mzima ni zaidi ya asilimia 100.

Mkulima wa tumbaku aangalie pia hesabu yake ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola na pembejeo hukatwa kabla hajashika hela. Asikubali kuambiwa "kilichobaki" kwa mdomo; aombe mchanganuo wa kilo, daraja, bei kwa dola, kiwango cha kubadilishia na makato. Kiwango hicho si jambo dogo. Kilo ya dola 2 ikibadilishwa kwa 2,700 ni shilingi 5,400. Ikibadilishwa kwa 2,450 ni 4,900. Kwenye kilo 1,000 tofauti ni nusu milioni, na hakuna mfuko wowote utakaoirudisha ndani ya msimu.

Ulinganisho kwa haraka

| Njia | Kuanzia | Pesa inatoka lini | Kodi na makato | Hatari kubwa |
|---|---|---|---|---|
| Fiksi ya benki | inategemea benki | siku ya mwisho wa mkataba | 10% ya riba | kuvunja mapema. Kujirudia yenyewe |
| Ukwasi (UTT AMIS) | 100,000, kisha 10,000 | siku 3 za kazi | hakuna ada ya kuingia wala kutoka | faida inashuka riba zikishuka |
| Hatifungani ya Serikali | 1,000,000 | kuponi (malipo ya riba) kila miezi 6. Mtaji baada ya miaka, au uuze | kuponi za miaka 3 na zaidi hazikatwi kodi ya zuio (inayokatwa kabla hujalipwa) | bei kushuka ukilazimika kuuza |
| Hisa | kidogo tu | siku 3 za kazi baada ya kupata mnunuzi | 5% ya gawio (mgawo wa faida ya kampuni). Dalali hadi 1.7% pamoja na tozo nyingine | bei. Kukosa mnunuzi |
| Mpunga | bei ya gunia | ukipata bei | ghala, magunia, upungufu | unyevu, panya, bei kugoma |

Jedwali ni la kuanzia tu. Tofauti zenyewe zinaonekana kwenye utaratibu.

Fiksi dhidi ya Ukwasi: pesa ya Januari

Hizi mbili zinagombea pesa ileile, yaani unayoipata Julai na kuihitaji ndani ya mwaka.

Chukua milioni 3 kwa miezi sita. Benki ikikupa asilimia 9 kwa mwaka, riba ni 135,000. Kodi ya zuio ya asilimia 10 inachukua 13,500, unabaki na 121,500. Mfuko wa Ukwasi umekuwa ukizunguka asilimia 12 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Ukibaki hapo, miezi sita inakupa karibu 180,000. Kwa mtazamo huo Ukwasi umeshinda.

Ila tazama neno "ukibaki". Mfuko unaweka pesa kwenye amana za benki na dhamana za Serikali. Riba zikishuka sokoni, zile za zamani zinaiva na kubadilishwa na mpya zenye riba ndogo, na thamani ya kipande, yaani sehemu unayomiliki ndani ya mfuko, inaanza kukua taratibu zaidi. Fiksi inakufungia kiwango siku uliyosaini. Habari ya riba kushuka, kwa hiyo, inampendelea aliyejifungia. Kwa miezi sita tofauti hiyo ni ndogo na Ukwasi bado una nafasi kubwa ya kushinda. Kwa mwaka mmoja au miwili, fiksi ya kiwango kizuri inastahili kufikiriwa, hasa kwa anayejijua kuwa pesa ikiwa karibu anaigusa.

Usalama nao unatofautiana. Bodi ya Bima ya Amana inalinda amana za mteja benki hadi shilingi milioni 7.5. Vipande vya mfuko haviko chini ya bima hiyo. Mali ya mfuko hushikiliwa na benki mtunzaji, kando na mali ya meneja, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ni ulinzi wa aina nyingine. Mwizi hachukui kirahisi, lakini hakuna anayekuahidi faida.

Mahali fiksi inapowaumiza watu ni kipengele cha kujirudia. Mikataba mingi ina kisanduku kinachosema mwisho wa muda ukifika, amana inaendelea kwa muda uleule. Mtu anaweka Julai 10 kwa miezi sita, anakwenda benki Januari 20 kuchukua ada, anaambiwa mkataba mpya ulianza Januari 10. Akivunja, anapoteza riba ya mkataba huo mpya, na benki nyingine zinaongeza adhabu. Siku ya kusaini uliza maswali mawili: je, inajirudia, na nikivunja katikati napoteza nini? Majibu yawe kwenye karatasi.

Upande wa Ukwasi makosa ni mengine. La kwanza ni kuomba pesa Ijumaa kwa matumizi ya Jumamosi. Siku tatu za kazi hazihesabu Jumamosi, Jumapili wala sikukuu. Ukiomba siku mbili kabla ya Krismasi, hesabu pesa baada ya Boxing Day na zaidi. La pili ni majina. Jina la akaunti ya benki likiwa tofauti na la kitambulisho cha NIDA, hata kwa herufi moja ya jina la babu, malipo yanakwama. Hilo lirekebishwe wakati wa kufungua, si Januari. La tatu ni namba ya akaunti ya mfuko kukosewa wakati wa kulipa kwa simu; hifadhi ujumbe wa muamala mpaka uone vipande vimeingia kwenye taarifa yako.

UTT AMIS siyo peke yake. Kuna Faida Fund ya Watumishi Housing na mifuko ya kampuni binafsi zenye leseni. Zote zilinganishe kwa maswali yaleyale: ada ya kutoka, siku za malipo, na pesa zimewekwa wapi. Mfuko wenye hisa ndani, kama Umoja, usiulinganishe na Ukwasi kwa mwaka mmoja mzuri. Hisa zikipanda unaonekana hodari, zikishuka unashuka nazo.

Hatifungani: hapa ndipo habari ya riba inafanya kazi

Hatifungani ya Serikali inaeleweka vibaya kwa sababu watu wanasoma namba moja tu, ya kuponi. Zipo namba mbili. Kuponi ni kile Serikali inachokulipa kila mwaka kwa kila 100 iliyoandikwa kwenye hati, nayo haibadiliki. Bei ni kile unachotoa leo ili upate hiyo 100. Hatifungani za miaka 25 zenye kuponi ya asilimia 15.75 zilizouzwa mwaka wa fedha 2024/25 zitalipa 15.75 mpaka mwisho. Wewe unayenunua baadaye huuziwi lazima kwa 100.

Tuseme bei ni 112. Kwa milioni 3 mkononi huwezi kupata hati ya milioni 3. Kima cha chini ni milioni 1 na unaongeza kwa laki moja moja. Hati ya 2,700,000 ingekugharimu 3,024,000, imepita. Unachukua ya 2,600,000 kwa 2,912,000, chenji inabaki 88,000. Kuponi inahesabiwa kwa kilichoandikwa kwenye hati, yaani asilimia 15.75 ya 2,600,000, ambayo ni 409,500 kwa mwaka, au 204,750 kila miezi sita. Ukigawanya kwa ulichotoa, unapata asilimia 14 na nukta chache. Bado nzuri. Lakini mwisho wa safari utarudishiwa 2,600,000, wala si 2,912,000. Ile 312,000 ya juu imeshaingia kwenye gharama ya kununua kuponi kubwa. Anayekuambia unapata "kumi na tano nukta saba tano" bila kutaja bei hajakuambia kitu.

Mfano wa kweli wa jinsi bei inavyocheza ulitokea Aprili 2022. Kuponi ya miaka 25 ilishushwa kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56, na ya miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10. Aliyekuwa ameshika ya 15.95 alijikuta na kitu ambacho hakiuzwi tena dirishani. Kihesabu, mnunuzi anayeridhika na 12.56 anaweza kuilipia karibu 125 kwa kila 100. Kisha gurudumu likageuka. Kuponi ziliporudi kwenye 15 na ushee, aliyenunua ya 12.56 akitaka kuuza alihitaji mnunuzi wa karibu 80 kwa kila 100, maana mnunuzi naye ana ya 15.75 mbele yake. Wote wawili waliendelea kulipwa kuponi zao bila kukosa. Aliyeumia ni yule tu aliyelazimika kuuza.

Kwa hiyo hatifungani ndefu ni kwa pesa ambayo hutaigusa. Mwalimu wa Ipuli au Cheyo mwenye mshahara, anayetaka kitu cha kumlipa kila miezi sita mpaka baada ya kustaafu, inamfaa. Mkulima ambaye mvua ikichelewa anakwenda kuuza ng'ombe, haimfai kwa milioni zake zote 3. Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaitumii: benki hupokea hatifungani kama dhamana ya mkopo, hivyo mwenye shida ya muda mfupi anaweza kukopa juu yake badala ya kuuza kwa bei ya hasara.

Utaratibu ukiwa Tabora ni huu. Fungua akaunti ya dhamana kupitia benki au dalali mwenye leseni: NIDA, picha, akaunti ya benki yenye jina lilelile. Minada hufanyika Jumatano na zabuni hufungwa saa tano asubuhi. Benki Kuu haina tawi Tabora, na tawi la benki yako hutuma fomu makao makuu Dar es Salaam, kwa hiyo fomu inayopelekwa Jumatano saa tatu ina nafasi kubwa ya kulala mezani. Peleka Jumatatu. Kama huna uzoefu wa kutaja bei, chagua zabuni isiyo ya ushindani: unapata kwa bei ya wastani ya walioshinda. Anayetaja bei ya chini kwa kutaka bahati hutoka mtupu mnada baada ya mnada riba zinaposhuka, na pesa yake inakaa bure kwenye akaunti ya kawaida. Pesa yote iwe kwenye akaunti siku ya mnada, maana malipo hukatwa siku inayofuata.

Ukinunua kwa mtu mwingine kupitia soko la hisa badala ya mnada, utalipia pia riba iliyolimbikizwa tangu kuponi ya mwisho. Usishtuke, siyo wizi. Kuponi ijayo utaichukua yote wewe.

Hatifungani za kampuni nazo zimeongezeka. Ile ya miundombinu ya CRDB iliyopewa jina la Samia ilifunguliwa Novemba 2024: miaka mitano, asilimia 12 kwa mwaka inayolipwa kila robo, kuanzia 500,000. Ililenga shilingi bilioni 150 ikakusanya 323, jambo linaloonyesha ni watu wangapi wanatafuta mahali pa kuweka pesa. Sasa inapatikana kwa kununua kwa walionazo. Ikilinganishwa na ya Serikali, faida yake ni ufupi na malipo ya mara kwa mara. Upungufu wake ni kwamba nyuma yake ipo kampuni, si Hazina.

Mfuko wa Hatifungani wa UTT ni njia ya katikati. Kuanzia 50,000 unaingia. Lakini mpango wa kulipwa kila mwezi unaanzia milioni 10 na wa kila miezi sita milioni 5, kwa hiyo mwenye milioni 3 anabaki kwenye mpango wa kukuza. Mtu anayejiunga akitegemea kulipwa kila mwezi kwa milioni 3 hatalipwa, na hilo ni lalamiko linalozuilika kwa kusoma ukurasa mmoja.

Hisa: bei ikishapaa, hesabu inabadilika

Kupanda kwa hisa za CRDB na NMB mwaka 2025 kumewaleta sokoni watu ambao hawajawahi kuwaza hisa. Karibuni, ila na kikokotoo. CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa kwa mwaka 2023 na 65 kwa mwaka 2024. Aliyenunua kwa 650, gawio la 65 kwake ni asilimia 10. Anayenunua hisa hiyohiyo kwa 1,300, gawio hilohilo ni asilimia 5, na baada ya kodi ya asilimia 5 ya gawio anashika shilingi 61.75. Kampuni ni ileile, faida yake ileile. Kilichobadilika ni ulichotoa wewe. Kwa bei ya juu unategemea zaidi faida iendelee kukua, na hilo hakuna mwenye uhakika nalo.

Makato nayo. Dalali huchukua hadi asilimia 1.7 kwa muamala wa chini ya milioni 10, na juu yake zipo tozo za soko, za mamlaka na za hifadhi, jumla inapita asilimia 2. Ukiuza unalipa tena. Hisa za 500,000 zinahitaji kupanda zaidi ya asilimia 4 kabla hujaanza kuona faida. Mtu wa kununua Jumatatu na kuuza Ijumaa anamfanyia dalali kazi. Habari njema ni kwamba mkazi wa Tanzania mwenye hisa chini ya asilimia 25 ya kampuni iliyoorodheshwa hatozwi kodi ya ongezeko la mtaji akiuza.

Kosa la pili ni kuamini kuwa bei iliyoandikwa ni bei ya kuuzia. Soko letu ni dogo. Hisa za benki kubwa zinatembea kila siku. Nyingine zinaweza kupita wiki bila mnunuzi. Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 mwaka 2017, na wengi walionunua kwa bei hiyo walikaa miaka mingi wakiangalia bei iliyo chini yake. Kampuni haikufa, huduma haikukatika. Mwenye hisa aliyehitaji pesa yake ndiye aliyekwama.

Kununua si kazi ngumu tena. Programu ya Hisa Kiganjani ya Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) inakubali oda kwa simu. Ukitaka gawio, uwe umenunua mapema: muamala unakamilika siku tatu za kazi baada ya kununua, na jina lako linatakiwa kuwemo kwenye daftari la wenye hisa siku linapofungwa. Kununua siku moja kabla ili kuvuna gawio hakusaidii. Hujaingia daftarini, na hata ukiwahi, bei kwa kawaida hushuka daftari likifungwa.

Kwa wakulima, neno moja juu ya TCC, kampuni ya sigara. Inavutia kwa gawio, na kuna fahari fulani kumiliki kipande cha kampuni inayotumia zao lako. Lakini shamba lako tayari liko kwenye tumbaku. Sera ikibadilika, au wavutaji wakipungua, utaumia mara mbili. Hisa chache kwa ajili ya fahari, sawa. Akiba yote, hapana.

Mpunga ghalani

Huu ndio mshindani halisi wa mifuko na fiksi hapa mkoani, na wataalamu wa Dar es Salaam huusahau. Nunua mpunga Igunga au Nzega wakati wa mavuno, uza bei ikipanda Desemba hadi Februari. Wapo waliojenga nyumba kwa njia hii.

Weka hesabu kamili, siyo ya bei mbili tu. Tuseme gunia unalipata kwa 75,000, magunia 40 ni milioni 3. Ghala shilingi 1,000 kwa gunia kwa mwezi, miezi sita 6,000. Kupakia na kushusha 2,000, gunia lenyewe 2,000. Umefika 85,000. Upungufu wa asilimia 3 kwa kukauka, panya na kumwagika unafikisha 87,600 hivi. Ukitaka kufikia zile 180,000 za Ukwasi, yaani 4,500 kwa kila gunia, lazima uuze karibu 92,300. Bei inatakiwa kupanda asilimia 23 ndipo ulingane na aliyekaa nyumbani na simu yake. Mara nyingi inapanda hivyo na zaidi. Mwaka wa mavuno mengi haipandi, na hapo Januari inakukuta na magunia 40 na ada haijalipwa. Kumbuka pia kuwa hizo 10,000 za gharama kwa gunia hazimo kwenye milioni 3: unahitaji 400,000 za ziada, au upunguze magunia.

Kinachoharibu zaidi ni unyevu. Mpunga ulioingizwa ukiwa juu ya asilimia 14 unapata joto, unageuka rangi, na ukikobolewa unavunjika. Mnunuzi wa mchele anashusha bei hapohapo. Usinunue kwa kuuma punje tu. Tafuta kipimo, hata cha kuazima kwa mwenye mashine. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita. Mahindi yanafaa mifuko ya PICS (isiyopitisha hewa) kwa sababu dumuzi wanakosa hewa. Panya hajali mfuko.

Dola na dhahabu, kwa kifupi

Mwaka 2024 dola ilipokuwa adimu watu wengi waliona ndiyo akiba bora. Aliyenunua katikati ya 2025 kwa karibu 2,700 akauza miezi michache baadaye kwa karibu 2,450 alipoteza zaidi ya asilimia 9, kabla ya tofauti ya bei ya kununua na kuuza kwenye bureau. Nusu ya pili ya mwaka ndiyo dola huingia nchini kwa wingi: utalii, korosho, tumbaku, na dhahabu ambayo bei yake duniani ilipaa. Riba za Marekani zikishuka, dola yenyewe hulegea. Kama ada ya mtoto wako inalipwa kwa dola nje ya nchi, nunua unayohitaji. Vinginevyo ni kubahatisha.

Dhahabu ya kuvaa ni pambo. Unaponunua unalipia ufundi, unapouza unalipwa uzito.

Nani achukue ipi

Mkulima aliyebakiwa na milioni 3 safi, bila deni: 2 kwenye Ukwasi kwa ajili ya vibarua na ada, 1 kwenye fiksi ya mwaka isiyojirudia au mpunga wa magunia machache anayoweza kuyalinda. Hatifungani asubiri mpaka awe na pesa ya msimu wa pili juu ya ile ya dharura.

Mwenye duka Soko Kuu ana swali tofauti: mzigo wake unazunguka mara ngapi? Kama milioni 3 ya bidhaa inazaa laki 2 kwa mwezi baada ya gharama zote, hakuna mfuko utakaomfikia, na aweke Ukwasi pesa ya dharura tu. Wengi hawajui jibu kwa sababu hawaandiki.

Mtumishi mwenye mshahara: hatifungani ya miaka 10 hadi 25 kupitia mnada, au mfuko, pamoja na hisa za benki kidogokidogo kila robo mwaka badala ya mkupuo baada ya bei kupaa.

Atakayekuja Isevya au stendi na karatasi inayoahidi asilimia 20 kwa mwezi, kwa sharti ulete watu wengine, muombe leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji au ya Benki Kuu, kisha thibitisha jina hilo kwa mamlaka yenyewe, si kwenye karatasi yake. DECI ya 2009, upatu wa aina hiyohiyo, ililipa watu wa mwanzo vizuri sana, na malipo hayo ndiyo yaliyowaleta wa mwisho.

Popote utakapoweka, jaza sehemu ya mrithi siku ya kufungua akaunti, na mwambie mtu mmoja nyumbani kwamba akaunti ipo na namba yake imeandikwa wapi. Familia isiyojua kama marehemu alikuwa na vipande au hisa haina cha kuomba mahakamani wakati wa mirathi, na gawio linaendelea kurundikana bila mwenyewe.